Matanga ya Mignonne, Lori Langu

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Baridi kali asubuhi, vumbi mdomoni, na sasa hili.

Kampuni ya Korval imetuita wenye malori yake wote kwenye ofisi yake ya barabara ya Likasi. Nilidhani ni zawadi. Nilivaa koti. Wakala wao hapa Kolwezi, Bwana Stéphane, kijana wa tai nyembamba na sauti ya padri, alisimama juu ya ngazi akatueleza kwamba injini za malori yetu zimezaliwa na kasoro. Zote za toleo letu. Pampu ya oili inaweza kukata roho wakati wowote, injini ikajifunga katikati ya barabara na mzigo mgongoni. Kampuni inaomba radhi. Kampuni itabadilisha pampu bure. Kampuni haina pampu.

Tukauliza zitakuja lini. Akasema karibuni. Tukauliza karibuni ya lini. Akasema karibuni ya kawaida.

Kisha mafundi wake wakapita na kubandika karatasi ya manjano kwenye kioo cha kila lori, yenye maandishi makubwa ya Kifaransa kwamba gari hili lisitembee. Hata Mignonne wangu! Mignonne ambaye hubeba mawe ya shaba ya Musonoi bila kukohoa. Jina lake, yaani mrembo kwa Kifaransa, nililiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya kioo. Mke wangu Laurentine bado huuliza kwa nini sikuandika lake. Nilimweleza kwamba lori huchafuka, na mimi siwezi kuvumilia kuona jina lake kwenye matope. Akatoka nje. Nadhani aliguswa.

Nikaenda mbio getini kwa mgodi wa Musonoi, tunakopanga foleni ya kupakia mawe, kumwona Tata Tharcisse, mkuu wa foleni ya malori. Ni mtu wa haki, yaani hana huruma. Akasema atatushikia nafasi zetu mpaka Jumatatu tarehe 17, asubuhi. Ambaye hatakuwa getini na lori linalonguruma, nafasi yake inapewa mwingine. Na nafasi ya foleni ukishaipoteza huipati tena. Kuna watu wamezeeka wakiisubiri.

Nyuma yake alisimama Tshilombo, akisikiliza kwa tumbo lake lote. Tshilombo ana Korval mbili, nazo zimebandikwa vilevile. Ya kwanza ina nafasi kwenye foleni. Ya pili haina, inakaa nje tangu mwaka jana ikiota kutu. Akanisalimia kwa upole wa kutisha. "Pole sana, mukubwa. Place yako mu foleni njo ya ngapi?"

Najua kwa nini anauliza.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano wa wenye malori, kwenye baa ya nyuma ya soko. Hasira nyingi. Kila mtu alisema hili haliwezekani, kisha akaagiza bia.

Tukaunda chama. Uchaguzi ulichukua mchana mzima. Tuna rais, makamu wanne, katibu, katibu wa katibu, mweka hazina asiye na hazina na mkuu wa itifaki. Mwanachama wa kawaida hakuna hata mmoja. Mimi nilitarajia urais, tena nilikuwa nimetayarisha hotuba. Tshilombo akaleta kreti nzima ya bia kabla ya kura. Sisemi kitu. Nimechaguliwa Mshauri wa Pili wa Heshima.

Azimio: kesho maandamano makubwa hadi kwa Stéphane. Tuligombana nani atangulie mbele. Ikaamuliwa wote tutatangulia.

Jumatano, 5 Juni

Maandamano yamefanyika. Niliandamana mimi.

Wengine walikuja kwa pikipiki za taksi wakanikuta nikiimba peke yangu. Wakati nawapanga, Stéphane akatoka na soda baridi kwa wote. Mapinduzi yakaishia kwenye chupa. Rais Tshilombo akamshukuru kwa niaba ya chama, akaomba na ya machungwa.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Mlinzi wa lango aliniambia kwamba pampu za kwanza zitafika wiki ijayo, nazo ni chache. Wengine watasubiri shehena ya pili, mwezi wa nane, labda wa tisa. Nani apate kwanza? Bwana Stéphane ndiye ataamua, kwa kutazama dharura ya kila mtu.

Basi kazi yangu ni moja tu: kuwa dharura.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempelekea Stéphane kuku. Si hongo. Ni salamu yenye manyoya.

Nilimchagua yule mweupe, mnene, ambaye Laurentine anampenda. Nikamweka kwenye kikapu, nikamfunika kwa kitambaa cha meza. Mapokezini kulikuwa na mbuzi mwenye utepe shingoni. Sikuhitaji kuuliza ametoka kwa nani. Tshilombo hana aibu kabisa, kumhonga mtu mchana kweupe namna ile.

Stéphane alikuwa hajafika. Nikasubiri ofisini mwake. Kuku akachoka kikapu, akaruka, akakaa kwenye kiti cha bosi, akataga. Stéphane akaingia saa ile ile na kukaa bila kutazama.

Kuku amerudishwa. Suruali imepelekwa kwa dobi kwa jina langu. Stéphane alisema kampuni inakataza kupokea zawadi za aina yoyote. Mbuzi naye amerudishwa, hilo lilinifariji njia nzima. Laurentine hajaniambia neno tangu jioni, ila kwa kuku amesema mengi.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nilifikiri kwa kina. Tatizo si pampu. Tatizo ni karatasi ya manjano. Kabla ya karatasi Mignonne alitembea vizuri. Kwa hiyo ondoa karatasi, na ugonjwa umekwisha.

Maji ya moto. Mafuta ya taa. Kisu cha jikoni. Karatasi ilitoka, lakini gundi ilibaki, na kwenye gundi yale maandishi yalibaki meupe, yakang'aa kuliko mwanzo. Yalisomeka hadi ng'ambo ya barabara. Nikayafunika kwa kalenda kubwa ya parokia, yenye picha ya askofu.

Nikamwasha Mignonne. Akanguruma kama zamani, machozi yakanitoka. Nikaendesha hadi getini kichwa kikiwa nje ya dirisha, kwa sababu ya askofu. Tata Tharcisse akanitazama nikija. "Tata Kabemba, unaendesha kamio ao unabeba calendrier?"

Kabla sijachagua kati ya lori na kalenda, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kisha harufu. Kisha moshi. Nikazima haraka sana. Kumbe kasoro ipo kweli! Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ni siasa.

Injini imepona, asante Mungu, lakini bila pampu mpya sithubutu kuwasha tena. Wa kunikokota alikuwa mmoja tu, Tshilombo na pikapu yake. Alikubali mara moja. Akapita barabara kuu, polepole, huku akipiga honi na kuwasalimu watu wote wa Kolwezi. Mimi nilikaa nyuma ya usukani, nyuma ya askofu.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata!

Tulikuwa tunatoka misa. Kona ya Manika tukakuta matawi yamelazwa barabarani, ishara kwamba kuna matanga. Magari yote yakapunguza mwendo. Na nani alikuwa kwenye gari la mbele? Stéphane. Alisimama, akashuka, akavua kofia, akawapa pole watu asiowajua kabisa, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuinamisha kichwa. Alipoondoka alitembea kinyumenyume.

Mtu huyu haogopi maandamano. Haogopi kuku. Anaogopa matanga. Na kila mtu hapa yuko hivyo: wafiwa hawafukuzwi, hawapigiwi honi, hawaulizwi wataondoka lini.

Mignonne atafariki kesho kutwa, mbele ya ofisi ya Korval. Tutalia pale mpaka pampu ije. Kama si dharura hiyo, dharura ni nini?

Jumatatu, 10 Juni

Maandalizi ya msiba. Turubai nimeazima. Viti nimeazima. Kijana mmoja wa trekta amemkokota Mignonne hadi mbele ya lango la Stéphane, akaniuliza kama namleta kutengenezwa. Nikamwambia amechelewa, na ashushe sauti.

Laurentine nilimpa kitenge cheusi. Akakitazama, akanitazama. "Mi siko mujane ya kamio," akasema. "Ukitaka kulia, lia wewe na mapneu yako." Nilimwomba aache habari za matairi, afikirie kama mke. Akasema anafikiria kama mke, tena sana.

Mama Henriette ana moyo zaidi. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya ya wanawake waliao katika misiba yote ya mtaa wetu. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu marehemu alikuwa na umri gani, alikuwa mpole au mkali, na kama alibatizwa. Nikamjibu mpole, ila mlimani. Akasema wimbo upo.

Jumanne, 11 Juni

Matanga yameanza. Mazuri mno!

Matawi barabarani kote kuwili. Moto wa makaa. Mama Henriette na kwaya yake wakaanza polepole, kisha wakapanda, mpaka dereva wa basi la Likasi akasimama na abiria wote wakashuka kutoa pole. Bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo vilitosha kwa shida. Wachimbaji vijana wa Musonoi walikuja moja kwa moja kutoka shimoni, nywele nyeupe kwa vumbi, wakakaa wakalia vizuri, hata kuliko mimi. Mmoja aliniuliza marehemu ni nani wangu. Nikamwonyesha. Akamtazama Mignonne kwa muda mrefu, kisha akatazama sahani yake tupu. "Nilisha kula, tata. Acha tu nilie."

Wenye malori wenzangu walikuja pia, wakasema hii ndiyo hatua ya kwanza ya maana ya chama chetu. Rais Tshilombo alifika akiwa na suti. Akatoa hotuba ndefu kuhusu urafiki wake na Mignonne, urafiki ambao sikuwahi kuuona. Watu walimpigia makofi. Katika msiba wangu.

Stéphane alitoka akiwa amevua kofia. Akanishika mkono, akasema maneno matamu. Kisha akauliza mwili uko wapi.

Hakupendezwa. Alirudisha kofia kichwani na kusema kwamba matanga yana ndugu, yana wajomba, yana wazee wa ukoo, na kwamba hapa haoni ndugu hata mmoja. "Matanga bila famille, hii ni barrage." Kesho kutwa, kama ndugu hawapo, ataita polisi waondoe kizuizi barabarani.

Nikamjibu kwa utulivu wa mfiwa kwamba familia iko njiani. Haikuwa njiani. Nikajificha nyuma ya turubai nikampigia simu Mjomba Kitenge kule Kasaji, kaka yake marehemu mama yangu, mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki. Mtandao ulikuwa mbaya. Nikapiga kelele kwamba kuna lufu kwangu, aje haraka. Akauliza nani amekufa. Nikasema Mignonne. Mjomba akalia pale pale kwenye simu. Sina mtoto wala shangazi mwenye jina hilo, na yeye anajua. Lakini mjomba ni mtu wa adabu, hulia kwanza, huuliza baadaye.

Hakuna polisi wa kumgusa mjomba. Nimejishangaa mwenyewe kwa akili hii.

Alhamisi, 13 Juni

Ushindi!

Mjomba Kitenge amefika kabla ya polisi. Koti jeusi refu, fimbo, kofia mkononi. Nyuma yake msafara wa pikipiki zenye wajukuu wa ukoo, vijana wenye mikono minene, ambao kwa desturi yetu ndio hufanya kazi na utani wa msibani. Nilihesabu kwamba atakuja na wawili watatu. Walikuja kama umati wa mechi.

Akaomba kumwona marehemu. Nikampeleka. Akamzunguka Mignonne, akagonga mlango kwa fimbo, akasoma jina juu ya kioo. Nikamweleza yote: kasoro, karatasi ya manjano, foleni, tarehe 17, Tshilombo. Nikasubiri fimbo mgongoni.

Hakunipiga. Aliniuliza tu, neno moja moja, kwa utaratibu wa wazee. Mulilaza matawi? Tulilaza. Muliwasha moto? Tuliwasha. Bantu balilia? Walilia sana. Balikula? Walikula vyote. Mjomba akakaa kwenye kiti, akaweka fimbo kati ya magoti. "Basi, ni lufu."

Ningembusu! Akaenda mwenyewe kwa Stéphane akiwa na wajukuu wote nyuma yake, akajitambulisha jina la baba, la babu na la kijiji. Stéphane akavua kofia tena. Sijui walizungumza nini, lakini baadaye Stéphane aliniita pembeni. Amechoka. Wateja hawaingii, mafundi wake wanalia kazini, mlinzi wa lango amejiunga na kwaya. Pampu zinafika Jumamosi asubuhi. Ya kwanza kabisa atafungiwa Mignonne, pale pale alipo, kwa sharti kwamba jioni yake barabara iwe wazi.

Ya kwanza kabisa! Jumamosi pampu, Jumapili mapumziko, Jumatatu getini. Nilimwendea Tshilombo kwenye safu ya pili kumpa habari, kwa kuwa ni rais wangu. Uso wake ulinifurahisha kuliko chakula. Akasema amefurahi kwa ajili yangu, na kwamba kwa heshima ya marehemu atalikokota lile lori lake la pili lije lisimame nyuma ya Mignonne, limsindikize. Nikakubali. Mshindi lazima awe mkarimu.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika ili kesho nisidhani niliota.

Asubuhi lori la shehena lilifika. Stéphane akanialika ofisini tunywe kahawa wakati mafundi wakifungua masanduku. Kahawa ilikuwa na maziwa. Kulikuwa na biskuti. Nilikaa. Nilimweleza maoni yangu juu ya uongozi wa chama. Nje niliisikia kwaya ikibadilisha wimbo, ikaingia ule wa furaha kidogo ambao huimbwa matanga yanapoisha. Nikafikiri, vizuri, wanajiandaa kuondoka.

Sikufikiri zaidi. Mtu yeyote wa ukoo wetu angejua nini hufanyika asubuhi ya kumaliza matanga. Hata mimi najua. Mjomba hugawa urithi.

Nilipotoka, Mignonne alikuwa amekaa juu ya mawe.

Mjomba Kitenge alikuwa kwenye kiti chake katikati, anagawa kwa haki, kwa sauti ya upole, kila mtu akipokea kwa mikono miwili. Tairi kwa wajukuu, kwa kuwa ndio waliofanya kazi. Betri kwake mwenyewe, ya kuwashia taa nyumbani Kasaji. Honi kwa Mama Henriette, kwa ajili ya koo lake. Kiti cha dereva kwa bibi mmoja ambaye hata simjui, aliyesema alimpenda sana marehemu. Vioo vya pembeni walipewa wachimbaji wa Musonoi, ambao walikuwa tayari wanajichana nywele. Pikipiki za kwanza zilikuwa zimeshaondoka, kila moja na tairi mgongoni mwa abiria.

Nilipiga kelele. "Tairi zangu!" nililia. "Tairi zangu!"

Lakini kelele ya mfiwa siku ya mwisho ni kilio, na kilio hupewa heshima. Wanawake wawili wa kwaya, wenye nguvu ajabu, wakanishika mikono na kunikalisha chini. Wakanifuta uso. Pole tata, pole, ndivyo dunia ilivyo. Nikapiga kelele zaidi. Mama Henriette akasikiliza, akatikisa kichwa, akashika sauti yangu na kuipeleka juu. Kwaya nzima ikaitikia. "Tairi zangu, eee, tairi zangu." Wimbo ulitoka vizuri sana, na huo ndio ukatili wenyewe. Kila nilipolia, waliongeza beti. Stéphane mwenyewe alikuja mlangoni akafuta macho.

Ndipo mafundi walipofika na pampu. Mpya, inang'aa, ndani ya nailoni. Wakamtazama Mignonne. Wakatazamana. Agizo la kampuni ni kwamba injini ikishafungwa pampu iwashwe mbele yao, na lori litembee mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Bila betri haiwaki. Bila tairi haitembei. Wakamwuliza Stéphane wafanye nini. Stéphane akasema lori linalofuata.

Linalofuata lilikuwa lile la pili la Tshilombo, limesimama nyuma ya marehemu, linasindikiza.

Niliponyoka mikononi mwa wale wanawake, nikaanguka miguuni pa mjomba. Nilimwomba betri tu. Tairi nitakopa, betri tu! Alinishika kichwa. Alikuwa na machozi ya kweli, hilo siwezi kulikana. "Mwipwa, bitu bya mufu habirudiake ku mufu. Wee njo uliita lufu." Kisha akafunga betri kwenye kitenge, akapanda pikipiki, akanipungia mkono mpaka vumbi likamficha.

Jioni barabara ilikuwa wazi, yule kijana wa trekta amemburuta Mignonne hadi kwangu. Stéphane alinipa pole tena, akasema shehena ya pili ni mwezi wa nane. Labda wa tisa.

Jumapili, 16 Juni

Nililala mchana kutwa. Laurentine alipika yule kuku mweupe, ishara mbaya au nzuri, sijui. Aliniwekea paja. Alisema kwa upole, jambo lililonitia hofu, kwamba labda ningemwacha Stéphane afanye kazi yake, ningesubiri kama watu wengine, na Mignonne leo angekuwa bado na miguu. Nikamwambia yeye haelewi biashara. Akasema ndiyo, haelewi, na akachukua paja.

Majirani wanaimba "Tairi zangu" wakifua nguo. Nilifunga dirisha. Inasikika.

Jumatatu, 17 Juni

Nilikwenda getini kwa miguu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitumaini muujiza, au mgomo.

Malori yenye pampu mpya yalikuwa kwenye mstari, moshi ukipanda katika baridi. Mahali pangu, kati ya lori la mwenzetu Gloire na nguzo, palikuwa wazi. Tata Tharcisse alinitazama, akatazama nyuma yangu kutafuta lori, akatazama saa. Akangoja zaidi kidogo ya ilivyompasa, namshukuru kwa hilo. Kisha akapunga mkono, na lile la pili la Tshilombo likaingia pangu. Lilitoshea kabisa. Nilisimama pale nikalia, safari hii bila kwaya.

Tshilombo alishuka. Hakucheka. Hilo lilinikera zaidi. Akasema nafasi haipotei kabisa kati ya marafiki, na kwamba kama nina jambo lolote, mlango wake uko wazi. Nikarudi nyumbani nikitafakari maneno yale. Jambo lolote. Mlango uko wazi.

Na hapo, karibu na kisima cha Manika, nikaelewa kosa langu. Laurentine anasema kosa lilikuwa kufanya matanga. Ni kweli! Matanga ni sherehe ambayo watu huja na kuondoka na vitu. Nilichagua sherehe mbaya. Ziko sherehe nyingine ambazo watu huja na vitu wakaviacha.

Arusi.

Mignonne ni mwanamke, hata jina linasema. Lile la pili la Tshilombo ni dume, sikia tu linavyonguruma. Liko mahali pa Mignonne, linakula jasho la Mignonne, limemkuta barabarani mbele ya watu wote na kusimama nyuma yake usiku mzima bila kujitambulisha kwa wazazi. Katika ukoo wowote wa heshima, hilo lina jina, na lina mahari. Nitataka tairi zote, betri mpya, honi, na zamu ya foleni siku mbili kwa wiki kama haki ya wakwe. Tshilombo hawezi kukataa mbele ya watu, yeye ni rais. Turubai nimeshaazima upya. Mama Henriette anasema nyimbo za arusi anazo pia.

Jambo moja tu lilibaki. Binti hatolewi na baba peke yake. Mahari yapokelewe na mjomba, la sivyo ndoa si ndoa, Tshilombo atasema ni mchezo. Kwa hiyo nimempigia Mjomba Kitenge. Amefurahi mno, anakuja Alhamisi pamoja na wajukuu wote. Mtandao ulikuwa mbaya, lakini kabla haujakatika aliniuliza kama bi arusi bado ana milango.